Mvua Iliyonyesha Mezani

Jumatatu, 3 Machi
Kwa heshima na taadhima natangaza: leo nimenyeshesha mvua juu ya meza ya kulia! Meza haikulowa. Mvua ilikuwa ndani ya kompyuta. Nimepakua vipimo vya mwinuko vya setilaiti, nikaukata mtaa wetu miraba midogo kama karatasi ya hesabu. Kila mraba unawachungulia majirani zake. Ukimwona aliye chini, unamtupia maji. Kama mtaani kwetu tu.

Lengo: kuokoa chumba cha ushonaji cha mke wangu. Mwaka jana maji yalifika kwenye pedali ya cherehani. Sasa ana magauni ya harusi, meupe pe, na kasema maji yakiingia tena anahamia kwa kaka yake. Kwa shemeji! Mtu wa viroba vya mchanga na maneno mengi.

Jumanne, 4 Machi
Nimewasha mvua kubwa. Maji yakateremka barabarani, yakakikaribia chumba, yakakizunguka! Nikarudia. Vilevile. Kumbe tunaishi juu ya kilima na hatujui!

Mama watoto akauliza ni kilima gani, mbona yeye huteremka ngazi kuingia. Nikamjibu kwamba setilaiti haina sababu ya kutudanganya. Akanitazama kama kitambaa kilichokatwa upande.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kaja na viroba, kavipanga mlangoni. Nikamwonyesha ramani. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Eti, "Shemeji, hicho kilima umekipanda lini?" Wivu huo. Alipoondoka nikavihamishia viroba vyote nyuma ya nyumba. Vinaharibu mandhari.

Alhamisi, 6 Machi
Mawingu! Hatimaye! Mama watoto kayaning'iniza magauni yote kwenye boriti za dari. Nikamlaumu kwamba hana imani nami. Akasema imani anayo, ila boriti anazo pia.

Ijumaa, 7 Machi
Niseme kweli tupu. Imenyesha, na maji yameingia bila hodi. Nilivirudisha viroba mwenyewe, nikiteleza, shemeji amesimama na mwavuli akiniuliza kama nimechoka kupanda mlima. Tukayazuia kabla hayajaigusa pedali. Magauni salama. Mama watoto kacheka mpaka machozi, akasema hahami. Kwa kaka yake hakuna burudani kama hii.

Nikavichunguza vipimo upya. Setilaiti ilitazama kutoka juu, ikapima paa badala ya ardhi. Kilima changu ni mabati.

Lakini nimetafakari. Ramani ilisema huko juu maji hayafiki, na kweli hayakufika! Ramani haina kosa. Kosa ni la chumba, kimejengwa chini mno. Dawa ni kukipandisha juu ya paa, cherehani na kila kitu. Shemeji atabeba.

Mama watoto sijamwambia. Ngoja kwanza nimalize kupiga deki.