Mzee Kuliko Wote Bungeni

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Nimeshinda! Kura zilikuwa chache, lakini hata chache ni kura. Bunge letu lina viti arobaini na kimoja. Sisi ishirini na mmoja, wapinzani ishirini. Bibi Revati Joshi, kiongozi wetu, kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniita baba mkubwa. Kasema hawezi kuwa Waziri Kiongozi bila kura yangu, na akikaa kwenye kiti, kazi ya kwanza ni daraja la kwetu Silgaon.

Kwetu watoto huvuka mto kwenda shule ndani ya kikapu cha chuma kinachoning'inia kwenye waya. Waya huo ulishakula vidole viwili vya mjukuu wangu Deepa.

Nimemwapia mke wangu Hansi: daraja nalileta! Alikuwa anakanda unga wa ulezi. Akazidi kuukanda.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Nimegundua jambo. Kabla Bunge halijachagua Spika wake, Gavana humteua Spika wa muda. Ndiye anayewaapisha wenzake na kusimamia kura ya imani. Desturi ya kwetu, huteuliwa mwenye umri mkubwa kuliko wote. Kiti kirefu! Mtumishi wa kilemba chekundu anakutangulia. Ukiingia, wote wima!

Tatizo: mwenye umri mkubwa ni Padam Singh Negi. Wa upande wetu, lakini simpendi tangu shule. Yeye alikuwa kiranja, mimi mchafuzi wa ubao. Ana sabini na tisa. Mimi sabini na nne.

Nimekwenda kwa msaidizi wa Gavana. Nikasema nina themanini na moja. Akauliza mbona karatasi za uchaguzi zasema sabini na nne. Nikamwambia, mwanangu, sisi wa milimani hatukuzaliwa na karatasi, karani alikisia kwa kutazama mashavu. Nikakohoa. Nikachechemea kutoka ofisini, ila nadhani mlangoni nilibadilisha mguu.

Jioni nikamweleza Hansi. Akasema kumbe miaka yote hii ameolewa na rika la baba yake.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Nimeteuliwa! Padam Singh kanipita kwenye ngazi bila salamu. Raha iliyoje!

Kisha akaja Bibi Revati, uso umemshuka. Aliapishwa jana, na kesho lazima Bunge lithibitishe kwamba ana wengi, la sivyo anaondoka. Akaniuliza, baba mkubwa, katiba umewahi kuisoma? Nikamjibu mimi na katiba ni rika moja. Nikakumbuka umri wangu mpya, nikasahihisha: niliibeba mgongoni ikiwa mtoto.

Hakucheka. Akaniambia anayekalia kile kiti hapigi kura, isipokuwa pande mbili zikilingana.

Nikahesabu kwa vidole chini ya shali. Bila mimi, wetu ishirini. Wao ishirini. Zinalingana! Basi mimi ndiye mwamuzi! Nikamwambia ni heri zaidi. Akanisihi nikiache kiti. Nikakataa. Akasema basi kaa tu, baba mkubwa. Usimguse mtu yeyote.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Sijui niandikeje.

Asubuhi ilikuwa tamu. Kilemba chekundu mbele, mimi nyuma. Wakasimama wote. Nikawaapisha mmoja mmoja, nikajikohoza kila baada ya watatu, kwa ajili ya umri.

Zamu ya Padam Singh ikafika. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia. "Nitaapa," akasema, "ila kwanza huyu mtoto ashuke kwenye kiti cha babu yake."

Kicheko! Wapinzani wakapiga meza. Wetu nao. Hata wa kilemba aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Akaapa. Lakini kabla hatujaita kura, akasimama tena. Eti hoja ya utaratibu. Eti anaomba Bunge lifahamishwe, siku yeye anapewa ukiranja, Spika wa muda alikuwa bado anabebwa mgongoni, pua zinachuruzika.

Masikio yakawaka moto. Nikakumbuka nina mamlaka. Nikamwamuru atoke ukumbini mpaka jioni!

Padam Singh akaniuliza, una hakika? Nikasema toka! Akauliza tena, polepole, kama anayezungumza na ng'ombe aliyesimama ukingoni mwa korongo. Una hakika, Trilok? Bibi Revati alikuwa ameshika kichwa. Nikadhani ananionea fahari.

Akachukua fimbo yake, akatoka.

Kengele zikalia. Milango ikafungwa. Hapo ndipo nikahesabu upya.

Nikamwambia Katibu wa Bunge amrudishe mzee. Akaninong'oneza kwamba milango ikishafungwa kwa ajili ya kura, haingii mtu. Padam Singh alikuwa nje ya kioo, anagonga kwa fimbo. Wanaomuunga mkono Bibi Revati: kumi na tisa. Wanaompinga: ishirini.

Nikanyoosha mkono wangu. Katibu akaushusha taratibu. Hazikulingana. Sina kura.

Serikali imeanguka. Imedumu siku mbili.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Nimerudi nyumbani kwa kikapu. Aliyenivuta ni Deepa. Mkono mzima unavuta, ule wenye vidole vitatu unazuia kamba. Katikati ya mto akaniuliza, babu, daraja limekosekana kwa kura ngapi?

Nikasema moja.

Akauliza ni ya nani. Nikatazama maji. Akaendelea kuvuta.

Hansi kanipakulia kunde nyeusi na mkate mkavu. Akasema kula, mzee wa miaka themanini na moja, usije ukanifia mikononi. Nimeshinda zizini. Sina uso wa kwenda dukani.

Jumatano, tarehe 15 Machi

Habari njema! Serikali mpya inaunda kamati ya wabunge wa pande zote. Itapiga kura madaraja yapi yajengwe kwanza. Bibi Revati kanipigia simu, sauti kavu. Kaniingiza kwenye kamati kwa sababu ya mkono wa Deepa tu, na pande zimekaribiana mno. Ikitajwa Silgaon, ninyooshe mkono. Basi. Nisifanye kingine.

Nikalia, kweli. Hansi kapaka samli kwenye mkate wangu, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Deepa kanivusha mto huku anaimba. Nikajiapia: mkono juu, mdomo kimya.

Nimefika mjini. Kumbe mwenyekiti wa kamati hajapatikana! Mwenyekiti ana gari lenye bendera. Chai huletewa yeye kwanza. Na Padam Singh yumo kwenye kamati, mwenye umri kunizidi!

Nimetoa jina langu papo hapo. Padam Singh kaunganisha viganja, kanisihi mbele za watu nisikitake kiti hicho. Wivu huo! Nimepita bila kupingwa.

Katibu kanikimbilia ukumbini, anahema, ana jambo la kunieleza kuhusu mwenyekiti na kura. Nimemwambia atanieleza nikishakaa.