Ukurasa wa 313

Jumamosi, 9 Tikimt

Kru. Mlio huo haunitoki masikioni. Kolo, shayiri ya kukaanga, ikivunjika kati ya meno ya Endale kwenye kiti cha pembeni yangu, wakati uleule nimevuta pumzi kusema neno nililolitunza miaka miwili.

Nieleze kwa utaratibu. Ofisini kwetu Endale huchora ramani za mji. Mimi nasahihisha majina ya mitaa. Kwa miaka miwili tumeitana "erswo," ile wewe ya heshima ya Kiamhari. Wengine wote wameshahamia wewe ya watu wa karibu: "ante" kwa mwanamume, "anchi" kwa mwanamke. Mimi nilikataa kwa makusudi. Katika *Pindo Jeupe*, kitabu nilichokisoma mara kumi na moja, mjane na mfumaji wake wanaitana "erswo" kwa kurasa mia tatu na kumi na mbili. Ukurasa wa 313 mjane anamwomba ashike ncha ya pili ya shuka wakunje pamoja, na anamwita "ante." Mara moja. Kitabu kinaishia hapo.

Mpango wangu: kumpeleka Endale kwenye filamu ya kitabu hicho. Mjane aseme "ante" pale mbele, nami niseme sikioni mwa Endale.

Mjane alisema "ante" dakika ya nne. Akigombana na mfumaji kuhusu mbuzi! Kitabuni hakuna mbuzi. Bado nilingoja mwisho. Hapakuwa na shuka. Wakakimbiliana kwenye mvua kubwa, tena mwezi wa Tahsas, katikati ya kiangazi, wakati hata mabomba yetu huwa yamekauka. Nikavuta pumzi hivyohivyo. Kru. Ukumbi ukapiga makofi. Endale akapiga makofi.

Nje akaniuliza, mwepesi kama mtu aliyevua koti, "Anchi, unakunywa kahawa au chai?"

Miaka miwili, ikaishia kwenye chai. Nikasema chai. Sinywi chai.

Jumatatu, 11 Tikimt

Frehiwot, dada wa masjala, amejua. Frehiwot hujua kila kitu na kila mwanamume kwake ni "ante," hata mkurugenzi. Filamu ameiona mara mbili, akalia mara mbili. "Mwenzangu, mwanamume kakuita 'anchi' nawe umenuna? Ulitaka akuite mheshimiwa mpaka mzeeke?"

Nilimwandikia mwongozaji wa filamu barua ya kurasa sita. Nilimwambia kwamba mtu hana ruhusa ya kugusa neno la mwisho la mwandishi. Kwamba anayenyofoa moyo wa kitabu asikabidhiwe hata orodha ya vyakula. Nadhani ilikuwa barua nzuri.

Jumanne, 12 Tikimt

Mpango mpya. Endale asome kitabu chenyewe. Ila akifika mwisho peke yake, neno litakuwa la mjane, si langu. Kwa hiyo nimekata ukurasa wa 313 kwa wembe, taratibu, nikautia mkobani. Ataona hadithi imekatika, atakuja kuniuliza inaishaje, nami nitamwambia.

Kukata kwangu si kuharibu. Ni kuazima.

Jumatatu, 18 Tikimt

Amemaliza! Amekirudisha kwa mikono miwili, akainama kidogo. Akaniita "erswo."

"Nimeelewa, Woizerit Mahlet," alisema, kwa lile "Bi" la barua rasmi. "Mimi huchelewa kuelewa, lakini kitabu kimesema wazi. Wanaagana kwa heshima, kila mtu anakwenda kwake. Ile 'anchi' yangu, uniwie radhi."

Nilikuwa nimesahau ukurasa wa 312 unaishaje. Mfumaji anaaga. Anafika mlangoni. Nukta.

Ukurasa wenyewe ulikuwa mkobani, shibiri moja kutoka mkononi mwake. Ningeweza kuutoa. Nilisema hakuna neno. Nikakiacha kitabu juu ya meza yake, nikasema akae nacho, nikaenda kusahihisha mtaa ambao jina lake lilikuwa sahihi.

Saa nane Frehiwot alimwomba Endale penseli. "Ante, twende Jumamosi tukaione tena ile filamu." Endale akasema atafikiri.

Jumanne, 19 Tikimt

Sikulala vizuri. Alfajiri niliusoma ukurasa wa 313 kwa sauti jikoni, mama akidhani nasali. Una mistari tisa tu. Sikuwahi kuihesabu. Mistari tisa, neno moja, na baada yake weupe mtupu mpaka chini.

Nikawaza: labda mwongozaji naye aliogopa. Labda alifikiri neno moja dogo haliwezi kusikika mbele ya watu mia nne wanaotafuna. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Karibu nimwonee huruma.

Lakini yeye aliharibu. Mimi nilikuwa na sababu. Mtu anayeweza kusoma kurasa 312 na kuelewa kinyume hawezi kuachiwa mistari tisa. Kwa hiyo nimewahi ofisini kabla ya wote, nikaupiga chapa ukurasa mpya, nikaubandika kwa gundi, nikakirudisha kitabu mezani pake. Shuka nimeiacha. Mfumaji sasa anavaa miwani kama ya Endale. Mjane anasema "ante" mara nne, ya tatu kwa herufi kubwa.

Sasa ni saa tatu. Amekifungua.

Mvua pia nimeiweka. Manyunyu tu.