Tufe la Rangi ya Beseni

Rubeni Nyamhanga,
Idara ya Bustani,
Lango la Ikoma, Serengeti.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo ya Wafanyakazi, Bi. Petronila Maduhu,

YAH: KULIKATAA TUFE LA NJANO LA KUOKOTEA MASALIA

Ningekuamkia shikamoo kwa ajili ya cheo chako, lakini nimekuzidi miaka tisa, kwa hiyo pokea salamu za kawaida pamoja na heshima yote iliyobaki.

Nimeliona tangazo la kamati yako. Limebandikwa mlangoni pa jiko la wafanyakazi ili hata wamenya viazi wasikose kulisoma. Linasema kwamba Jumamosi, hoteli yetu itakapocheza bolingi na timu ya wachimbaji wa upande wa Kewanja, mimi ambaye ni mrushaji wa mwisho wa timu nitatumia tufe jipya la plastiki kila nitakapobakiza chupa. Nikikataa, nafasi yangu anachukua Agustina wa mapokezi. Nililisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka.

Kwa faida ya wajumbe wako ambao walichaguliwa kwa kura bila kukanyaga uwanja, nieleze kidogo. Mwisho wa njia husimama chupa kumi za mbao. Unarusha tufe, zinaanguka. Zikibaki, unarusha mara ya pili kuokota masalia, halafu zamu yako imekwisha. Ni hivyo tu. Hata mjumbe wa kamati anaweza kuelewa akitulia.

Jambo la pili unalopaswa kulijua ni kwamba Jumamosi hiyo shemeji yangu Waitara, kaka wa mke wangu, anavuka Sirari kutoka upande wa Kenya kuja kunitazama. Miaka miwili nimekuwa nikimwambia kwamba mechi ikibana, mimi ndiye ninayeachiwa kuimaliza. Wiki iliyopita alinipigia simu akauliza, "Shem, uko sure wewe ndiyo wa mwisho, ama uko tu hapo kushikia watu mataulo?" Nikamjibu aje aone kwa macho yake. Sasa wewe unataka aje anione nimekaa benchi na mataulo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uzito. Tufe langu jeusi lina ratili kumi na sita. Hilo lenu lina kumi na moja. Mtoto wa darasa la tano analibeba kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ameshika muwa anakula. Nimekulia Itiryo, kwenye ng'ombe, na katika maisha yangu yote sijaona mtu akitoka mnadani na ndama huku ametanua kifua.

2. Namna lilivyochaguliwa. Kwetu mnyama hanunuliwi kwa maneno. Unamzunguka, unampiga kofi la bega, unashika nundu, unamfungua mdomo unatazama meno, halafu unamwambia mwenye mali amtembeze. Hoteli ilipoleta matufe kumi na mawili, mimi nilifanya hivyo hivyo mbele ya wageni wawili wa Kijerumani, nao wakapiga picha. Niliyazunguka yote, nikayapiga kofi moja moja, nikachukua lile lililoniumiza kiganja. Elia, fundi wa mashine ya kusimamisha chupa, amelichagua hili la njano kwenye simu, akiwa amekaa, miguu juu ya stuli! Halikuzungukwa. Halikutembezwa. Na wewe, Msukuma mzima uliyekulia zizini, ukaweka sahihi. Nilidhani wewe ungekuwa mtu wa mwisho katika hoteli hii kuuziwa mnyama kwa picha.

3. Rangi. Ni njano ya beseni la kufulia. Ninajua unaongoza dobi na mabeseni umeyazoea, lakini sisi wengine tuna macho.

4. Tabia yake. Elia anaeleza kwamba plastiki huteleza juu ya mafuta ya sakafu bila kuing'ang'ania, kwa hiyo tufe hilo huenda moja kwa moja pale ulipolielekeza. Anaisema hiyo kama sifa. Tufe langu jeusi huondoka taratibu upande wa kulia, kana kwamba halina haja na mtu, kisha likikaribia mwisho linakata kushoto kwa hasira na chupa zinaruka hadi wapishi wanatoka nje kuuliza kuna nini. Hilo ndilo dume. Kitu kinachokwenda tu pale kilipotumwa tunacho tayari katika idara yangu, kinaitwa toroli, na hatujawahi kukipeleka kwenye mashindano.

5. Chupa ya pembeni. Kamati inadai kwamba katika mechi nne zilizopita nimebakiza chupa moja ya pembeni kulia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja tufe langu limekata kushoto na kuiacha imesimama. Idadi siikatai. Ninachokataa ni lawama. Chupa hiyo ina tabia ya kujitenga na wenzake, na dume hamfuati mwoga aliyejibanza uani. Kwa hiyo napendekeza yafuatayo: kwanza, chupa yoyote ambayo tufe langu limeipita kwa chini ya shibiri moja ihesabiwe kuwa imeanguka kwa hofu. Pili, ikishindikana, chupa hiyo isogezwe katikati, maana mashine ni yetu na uwanja ni wetu. Tatu, wachimbaji wasiambiwe. Watu waliozoea kutafuta dhahabu gizani hawatagundua chupa iliyohama hatua moja.

6. Vidole vyangu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na hapa sifanyi mzaha. Mwezi uliopita Elia aliniletea kipande cha sabuni ya mche kilicholowa, akaniomba nikibane kwa vidole vitatu, eti dobi mnapima sabuni ipi ni laini. Nikabana kwa moyo mweupe. Nikaisifu hata sabuni yenyewe. Jumatatu, kwa udadisi tu, nimeingiza vidole kwenye matundu ya tufe la njano nikakuta vinaenea kama nilizaliwa navyo humo. Nikaelewa. Mmenipima kwa siri kama anavyopimwa marehemu wa kutengenezewa sanduku! Mkaagiza, mkatoboa, mkanyamaza wiki tatu mkiniangalia nikimwagilia maua. Mngeniuliza ningekataa, na bila shaka ndiyo sababu hamkuniuliza. Lakini mtu mzima huulizwa.

7. Agustina. Sina neno baya juu yake. Ana heshima, na masalia anaokota. Ila anaokota kwa tufe la kukodishia watoto wa wageni, lile lenye picha ya twiga, na anapomaliza anarudi kukaa kimya kama mtu aliyeweka kikombe kabatini. Watazamaji hawapati chochote. Mimi hata nikikosa, watu wanasimama.

Kutokana na hayo, ninaomba kamati yako ijiuzulu yote kabla ya Ijumaa. Kamati mpya iwe ya watu watatu, kila mmoja awe ameshauza madume wasiopungua kumi, na asiwemo mwenye simu ya kisasa. Tufe la njano liwekwe kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, kazi ambayo litaiweza. Na mimi nibaki kuwa mrushaji wa mwisho, kwa tufe langu jeusi, kwa chupa kumi au kwa moja. Nikinyimwa hayo, nimeambatanisha barua ya kujitoa kwenye timu. Nimeiandika kwa kalamu, si kwa penseli, ili mjue.

Nisikuchoshe. Wasalimie dobi wote, wapishi, walinzi wa lango na madereva. Mpe pole mama yako kwa mguu wake, nimesikia sasa anatembea. Msalimie na Elia, lakini kwa ufupi.

Ni mimi niliyepimwa bila kuambiwa,

Rubeni Nyamhanga
Mrushaji wa Mwisho

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nimemsomea mke wangu Frida, alipokuwa anapepeta mtama. Amenisikiliza mpaka mwisho na hakucheka, jambo ambalo lilinipa moyo. Kisha akaniuliza kama namkumbuka yule dume mweusi niliyemchagua mwaka ule tulipoanza kulima hapa, aliyekuwa anavuta kushoto mpaka mistari ya mahindi ikaingia kwenye shamba la jirani. Nikamwambia namkumbuka, alikuwa mnyama wa kutisha. Akauliza ni nani aliyempeleka mnadani na kurudi na yule wa kahawia, mwembamba, ambaye hakuna mtu anayegeuka kumtazama, lakini ukimwelekeza kwenye mti wa mbali anaufikia. Ni yeye Frida. Tumekula kwa ng'ombe huyo miaka sita. Nikamwambia kulima ni jambo jingine. Akaniuliza ni jingine kivipi, akaendelea kupepeta.



Mwenyekiti, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Chupa ile ya pembeni naiogopa. Ikibaki peke yake, mkono wangu unakuwa baridi kabla sijashika tufe, na hiyo si kazi ya Elia wala yako. Barua hii usiisome mbele ya kamati. Mwambie Elia afungue uwanja Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, alete hilo la njano, asimame nyuma yangu anionyeshe, na asimwite mtu yeyote. Waitara anafika saa tatu. Ningependa kuwa nimeiangusha hata mara moja kabla hajaketi.