Pikapu ya Zawadi kwa Mwanangu wa Kahawa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua tena. Bati limetoboka juu ya kitanda changu. Nimekisogeza mara tatu, sasa kiko mlangoni, kuingia chumbani ni kuruka. Na masika ndiyo kwanza yanaanza! Shemeji yangu Rutaihwa, hapo jirani, ana mabati mekundu. Kila asubuhi anasimama nje kuyatazama kama vile ameyazaa.

Lakini leo dawa imepatikana. Mayenga, yule Msukuma anayeleta dagaa wa visiwani kwenye gulio letu la Izigo, anaitaka pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu. Kadi ina jina langu, Ephrasia, si la mtu mwingine. Imekaa uani miaka minne, kuku wanataga kwenye siti. Tumekubaliana kwa mdomo: yeye gari, mimi bati arobaini za bluu. Nyekundu sitaki. Watasema nimemuiga Rutaihwa.

Nimempigia mjukuu wangu Klaudia, mwenye steshenari Muleba mjini. Kazi yake kujaza fomu za watu. Anasema kubadilisha umiliki kuna kodi. Kodi ya nini? Gari langu, ua wangu, kuku wangu! Akasema ndiyo sheria, Bibi; ukiuza wanatazama umepata faida gani, na ushuru upo. Ukimpa mwanao kama zawadi, hesabu ya faida ni nyingine. Hapo nikakata simu. Alikuwa bado anaongea, lakini nilichotaka kusikia nimesikia.

Jumanne, 4 Machi
Kinachokosekana ni mwana. Nilizaa mabinti watupu, na Mayenga si wangu.

Nimewaza huku nachambua kahawa. Nikabinya tunda, likatoa punje mbili, zimelala pamoja kama mapacha. Jibu hilo hapo! Omukago. Wazee wetu wa Kihaya walikula kahawa hivi, kila mmoja akichukua punje kwenye kiganja cha mwenzake, wakawa ndugu kuliko wa tumbo moja. Hakuna kunyimana, hakuna kuvunja.

Rutaihwa anasema hayo ni mambo ya wanaume, tena yanafanya mtu kuwa ndugu, si mtoto, tena punje inapakwa damu ya kitovuni. Nikamwambia kitovu changu hakimhusu.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi majivu kanisani. Mchana omukago.

Damu tumetoa vidoleni kwa visindano vyangu vya kupimia sukari, kila mtu na chake, mimi si mshamba. Nikapima na sukari hapo hapo. Iko juu. Punje moja si chakula, kwa hiyo mfungo haukuvunjika. Nimeamua mwenyewe, padri asiulizwe.

Mayenga alimeza, kisha akatoa machozi. Kumbe mama yake alifariki yeye bado anatambaa. Akaniita Mama. Machozi sikuyatarajia. Nikampa ndizi za kuchoma.

Rutaihwa alikuwa shahidi. Akaninong'oneza: fikiri vizuri, waitu shemeji, hili halifutiki. Wivu. Ameshaona bluu inakuja.

Ijumaa, 7 Machi
Bukoba kwa wakili, mimi, Mayenga na Klaudia. Wakili akasoma hati ya zawadi kwa sauti: namkabidhi mwanangu gari hili kwa mapenzi, bila kupokea wala kudai malipo ya aina yoyote. Nikamwambia aongeze "leo wala kesho". Zawadi ikae vizuri.

Klaudia akanikanyaga mguu. Ananiuliza mabati nitayadai kwa karatasi gani. Nikamjibu mbele ya watu kwamba nimefika darasa la nne, na hakuna aliyewahi kunidhulumu. Nikatia dole gumba na sahihi. Vyote viwili.

Jumatatu, 10 Machi
Ofisi ya kodi. Afisa ni binti mpole, anaitwa Nasma. Akauliza kama Mayenga ni mwanangu wa kumzaa. Nikasema wa kahawa. Akaandika.

Akauliza tena: amekulipa chochote, Bibi, au amekuahidi? Nikasimama, nikainua mkono bila kuombwa. Hata bati moja! Akauliza bati gani. Nikasema kwetu ndivyo tunavyoapa. Mayenga alinitazama kwa heshima kubwa. Nikafurahi, nikajua ameshika mchezo.

Kisha Nasma akaniharibia siku. Undugu wa kahawa hauna nafasi kwenye fomu. Zawadi nayo inalipiwa ushuru, na thamani ya gari wanaitazama wao, si mimi. Na kwa kuwa marehemu aliinunua kwa bei kubwa na leo ni chuma chenye mayai, hata ningeiuza, faida ya kutozwa kodi isingekuwepo. Yaani kodi niliyoikimbia haikuwepo!

Klaudia akasema ndicho alichokuwa ananieleza siku ile nilipomkatia simu. Mtoto hana adabu. Mayenga akalipa ushuru, gari likawa lake. Nimemwambia mabati ayalete Jumamosi.

Jumamosi, 15 Machi
Pikapu imerudi imeoshwa, inapiga honi kuanzia barabarani. Nikafunga kitambaa kipya kichwani, nikatoka.

Mkewe Sayi akashuka na sangara mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Nyuma kulikuwa na godoro, sufuria na majembe mawili. Bati hakuna.

Nikauliza yako wapi. Mayenga alinitazama kama nimemtukana. "Mama, mtoto anamlipa mama yake? Nilidhani hayo ya mabati tuliyaacha siku ya kahawa. Si uliapa mbele ya serikali?" Akatoa hati, ameiweka kwenye plastiki. Leo wala kesho. Mwandiko wa wakili ni mzuri, hata mimi nilisoma bila miwani.

Halafu akazunguka kwenye migomba, akauliza kwa upole kabisa kibanja chake, shamba lake la urithi, ni upande upi. Mtoto wa kiume asiye na kibanja, ni mtoto gani? Nikafungua mdomo nimfukuze. Rutaihwa, aliyekuwa ameegemea uzio anatafuna kahawa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka gulioni: "Omukago hakuna kunyimana, shemeji!"

Nikafunga mdomo.

Jioni Mayenga alipanda juu ya nyumba, akafunika tundu kwa turubai la mtumbwi. Rangi ya chungwa. Linaonekana mpaka barabarani. Nikamwambia ashuke, ataanguka. Akasema ndiyo, Mama.

Jumatano, 19 Machi
Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Mayenga amelima upande wa chini, hatua thelathini. Nimempa, ningefanyaje? Sayi anapika vizuri, ila chumvi nyingi. Nimemwambia.

Mvua imenyesha, turubai linapiga kelele kama tanga lililokatika. Chini yake nimekaa kutafuta kosa liko wapi. Nimelipata. Omukago hauna kosa. Zawadi haina kosa. Kosa ni kwamba nilikula kahawa na mtu asiye na mabati!

Mutalemwa wa Kagoma ana duka zima la mabati. Bluu zimepangwa mpaka darini. Nimeuliza watu: hana mama. Nimemtumia salamu, anakuja Jumamosi. Akishameza punje, atathubutu vipi kumuuzia mama yake bati?

Tunda nimeshachagua. Jekundu, limeiva, punje mbili.

Sasa hivi Klaudia kapiga. Ameanza: Bibi, na huyo naye akitaka kiba—

Nikakata.