Mazdoor Kumi wa Kukaa Kwenye Viti

Redio ya Haji Barfi, muuza chai ya kijani hapa kwenye njia panda yetu ya vibarua mjini Quetta, Pakistan, ilitangaza kwamba leo ni Sikukuu ya Mazdoor, yaani ya wafanyakazi, taifa zima limepumzika. Sisi tulikuwa tumechuchumaa tangu alfajiri, kila mtu na kifaa chake mbele ili mwajiri ajue anachukua nini.

"Taifa la nani hilo?" Tingatinga, mchimba mitaro, akafoka. "Linapumzika kwa unga wa nani?"

"Hata neno mazdoor lenyewe hulijui," akadakia Kamusi, Mhazara mpiga rangi aliyenyonya Kiajemi kwa mama yake. "Muzd ni ujira. Mazdoor ni mbeba ujira."

"Mbeba ujira! Wewe tangu Ijumaa umebeba nini zaidi ya hiyo brashi? Nyumbani wanakula rangi?"

Tulijua kwake unga umekwisha.

"Halafu kwetu wa Kiajemi ukimwita mtu hivyo umemtukana," Kamusi akaendelea. " Maana yake kibaraka, mtu wa kununuliwa. Ni ninyi wa Kiurdu mnaolivisha kilemba. Mimi niiteni fundi!"

Pikapu ikafunga breki. "Mazdoor! Kumi, haraka!"

Hapa kwetu mtu anapanda kwanza, kazi anauliza baadaye. Ukiuliza kwanza, umebaki. Kamusi alitangulia kuliko wote, chai kaiacha inafuka.

"Karibu, fundi!" Tingatinga akamcheka, naye akijivuta juu.

"Kazi gani, bwana?" nikauliza.

Jamaa wa suti akachungulia dirishani. "Sherehe yenu! Mtakaa viti vya mbele, mtapiga makofi, mheshimiwa atawahutubia."

"Ujira?"

"Ujira tena? Mnaheshimiwa, ndugu zangu! Na wali upo."

Aibu hawana hawa watu. Lakini njaa ni njaa, hakuna aliyeshuka. Kamusi akakuna ndevu.

"Hotuba zikiisha, hivyo viti na mahema nani atavipakia kwenye lori?"

Yule bwana akatabasamu. "Si mtakuwepo?"

Kamusi akachukua brashi yake, akashuka taratibu. Tukashuka wote nyuma yake.

"Mnakwenda wapi? Oya, mazdoor!"

"Njoo kesho, bwana mkubwa," Kamusi akamjibu, akiketi. "Leo ni sikukuu yetu. Hatufanyi kazi."