Pipa Langu la Pareto

Jumatatu, 12 Julai 1954

Nimesimama mbele ya usharika mzima! Nimetangaza kwamba kabichi zote za sikukuu ya mavuno zitatoka shambani kwangu, hapa Moshono. Akina mama wasihangaike. Kiti cha mzee wa kanisa kiko wazi, na mwenye macho ameshaona nani wa kukikalia. Jirani yangu Sifael, naye anakitamani, alikohoa. Wivu!

Viwavi wameanza kula. Bwana shamba Sumari kanipa unga wa pareto, dawa ya kuulia wadudu. Kasisitiza nichanganye wa leo na niumalize leo, maana ukishaingia maji na kupigwa jua nguvu zake hazikai. Mtu mwoga sana. Nimechanganya pipa zima!

Jumanne, 13 Julai

Viwavi chini! Wamelala chali, miguu juu. Nikapita kwa Sifael kumpa pole. Alikuwa anakoroga kindoo kipya cha dawa, kama mpika uji. Alisema cha jana alikimaliza jana. Maskini. Mimi nachota tu.

Ijumaa, 16 Julai

Mke wangu Eunike kanusa pipa, kasema dawa imekufa. Nikamjibu dawa si pombe ya mbege, haichachi. Hata hivyo nimetia magadi vikombe kadhaa. Magadi hulainisha maharage, yatashindwaje na kiwavi?

Sumari kapita njiani. Aliposikia habari ya magadi alishika kichwa. Kasema nimeimalizia kabisa. Kazoea kukuza mambo.

Jumanne, 20 Julai

Nimenyunyiza mara mbili. Viwavi wamenenepa. Mmoja aliinua kichwa akapokea matone kwa utulivu, kama anabatizwa. Eunike kasema tukaombe kabichi kwa Sifael. Thubutu!

Jumapili, 25 Julai

Aibu. Nilipanga kabichi madhabahuni, upande usioliwa ukitazama watu. Zilipendeza! Kisha mke wa mchungaji akainua moja. Waumini wakamwona mchungaji kupitia kabichi. Kiwavi mnene akashuka, akaanza safari juu ya kitambaa cheupe. Kwaya ilishindwa kumaliza ubeti.

Nje, mkokoteni. Sifael! Kabichi zake ngumu, zinang'aa, zimetosha watu wote. Wazee wakampa kile kiti kabla sufuria ya kabichi haijaepuliwa. Akaniletea sahani mwenyewe. "Kula, jirani. Hizi hakuna aliyezila kabla yako."

Nikala. Tamu, kwa bahati mbaya. Nikaongezewa.

Jumatatu, 26 Julai

Usingizi ulikuwa mzuri, kichwa chepesi. Leo nimeligundua kosa: nilichelewa! Viwavi walifika kabla ya dawa.

Basi nimemwahidi mchungaji viazi vya Krismasi. Akasema ataniombea. Baraka hizo! Eunike kaniuliza mbegu ziko wapi. Mbegu baadaye. Shamba lenyewe bado sijalima, ila dawa nimeshaichanganya. Mapipa mawili!