Hatua Nne za Gari la Mwenyekiti

Njooni, enyi mlioachwa nje ya vikao! Sogeeni, nyinyi mliosubiri kwenye mabenchi ya ofisi hadi suruali zikang'aa makalioni. Sogeeni, akina mama mlioambiwa mrudi Jumatatu, na Jumatatu mkaambiwa mlitakiwa mje Ijumaa. Zimeni redio. Mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, mwenye simu aifunike. Maana nawasimulia vita iliyopiganwa asubuhi ya Jumamosi katika uwanja wa raga ulio nyuma ya ofisi za chama cha mchezo huo, ambapo mabinti wanane wasiotimiza miaka kumi na mitano, wakiongozwa na mwanamke mwenye filimbi ya plastiki, walilisogeza gari hatua nne.

Hatua nne, nasema. Anayecheka acheke sasa amalize.

Atajwe kwanza Kocha, fundi wa vyerehani mchana na jemadari jioni, mwanamke wa vidole vinavyonuka grisi na sauti inayoangusha nguo kwenye kamba. Raga alijifunza mwenyewe, kwenye kitabu cha sheria kilichokosa kurasa kumi na moja za katikati, ndiyo maana kwa muda mrefu timu yake ilijua namna ya kuanza mchezo na namna ya kuumaliza, ya katikati ikawa inabuni. Wapo waliomcheka kwa hilo. Nawakumbuka kwa majina, na wengine nawakumbuka kwa madeni ya heshima wanayodaiwa hadi leo.

Sasa, kwa asiyejua, skramu ni pale wanane wa upande huu wanapoinama na kushikana kama tofali kwenye tanuri, na wanane wa upande ule vivyo hivyo, vichwa vikaingiliana, mabega yakakutana, wakasukumana huku mpira ukipita chini ya miguu yao kama panya aliyejikuta harusini. Timu zenye bahati hujifunza kwa mashine, chuma kizito chenye magodoro mbele, unakisukuma nacho kinarudi nyuma kidogo kwa adabu. Mabinti wetu nao waliahidiwa mashine. Mashine inakuja, alisema Mwenyekiti wa chama mwaka wa uchaguzi. Mashine iko njiani, alisema mwaka uliofuata. Mwaka wa tatu akauliza, mashine gani? Nilikuwa nimesimama palepale na ndoo yangu ya majivu, maana mimi ndiye mchora mistari wa uwanja ule, na nakumbuka hata shati alilovaa.

Basi Kocha, kwa kukosa mashine, akawapeleka mabinti kwenye ukuta wa stoo ya chama. Miaka miwili, Jumanne na Alhamisi, wanane wale waliinama mbele ya ukuta ule, wakaweka mabega yao, wakasukuma. Migongo ikawa imelala kama meza. Kocha aliweka kikombe cha maji juu ya kila mgongo, na anayemwaga anazunguka uwanja. Ukuta haukusogea hata unene wa ukucha. Mbele kabisa alisukuma binti mmoja aliyeitwa Kabati, mpana, mtaratibu, asiyependa maneno. Na pembeni, mwenye kazi ya kuingiza mpira na kupiga kelele, alikuwa kijana wa kike mfupi kama kigoda aliyeitwa Mdomo, na aliyempa jina hilo hakuwa na haja ya kufikiri sana. Katika miaka ile miwili kitu kimoja tu kilitokea: tofali moja la juu lilichoka, likaanguka.

Lishikeni tofali hilo akilini. Litarudi.

Ikawa Jumamosi ile wageni wamefika kwa basi lao, timu ya soksi ndefu zinazofanana, na mechi ni saa nne kamili. Na tazama, ndani ya eneo la trai, pale ambapo mchezaji huja kuweka mpira chini apate alama, limesimama gari la Mwenyekiti! Gari la kijivu, lililofungwa milango yote, limejibanza kwenye kivuli cha tangi la maji linalovuja, na magurudumu yake yamezama kwenye tope kama mtu aliyeketi kwenye kochi la wenyewe na kuvua viatu. Breki yake ya mkono ilikufa zamani. Gia nayo ina kiburi, ikiingia wakati gari limezimwa haitoki mpaka aitwe fundi. Kwa hiyo Mwenyekiti huliacha huru na kulizuia kwa tofali. Tofali gani? Lile lile. Ukuta tuliousukuma sisi, tofali akaokota yeye.

Mwamuzi, mwalimu wa hesabu mwenye saa mbili, moja kila mkono, akaja na kitabu chake. Chake kilikuwa na kurasa zote.

"Kocha, uwanja una kizuizi. Ukiwa bado na kizuizi saa nne na nusu, timu mwenyeji imepoteza."

"Mwalimu, hilo gari si letu."

"Uwanja ni wenu."

Na hapo ndipo moyo wa Kocha uliposhuka hadi kwenye raba, maana huko kungekuwa kupoteza kwa mara ya tatu, na timu ikipoteza mara tatu bila kucheza hufutwa kwenye ligi ya vijana. Mara ya kwanza, nguzo za goli hazikuwepo. Zilikuwa zimeazimwa kushikilia turubai kwenye harusi ya bintiye Mwenyekiti. Mara ya pili, ufunguo wa geti ulisafiri kwenye mfuko wa Mwenyekiti, ukalala hoteli nzuri. Sasa hii. Mabinti wale walikuwa wamesukuma ukuta miaka miwili ili wacheze. Na kama wasingecheza siku hiyo, wasingecheza tena.

"Bado dakika ishirini na mbili," alisema Mwamuzi, akilinganisha saa zake.

Kocha akaenda kama mjumbe aendaye kwenye ngome ya adui, akapanda ngazi tatu za ofisi, akagonga mlango wa ukumbi. Mlango ukafunguka upana wa pua, na pua ilikuwa ya Katibu.

"Kikao kinaendelea."

"Mnajadili nini?"

"Maendeleo ya raga kwa vijana."

"Vijana wenyewe wako nje, wanaomba gari litoke uwanjani."

"Hilo halimo kwenye ajenda, mama."

"Liwekeni kwenye mengineyo."

"Mengineyo ni saa sita."

Hapo Kocha akavunja itifaki. Maana ifahamike kwamba Mwenyekiti amemwoa dada yake wa tumbo moja, na Kocha ndiye aliyeshona shela. Akapeleka mdomo kwenye upenyo, juu ya kichwa cha Katibu, akaita, "Shemeji!"

Kutoka ndani ikajibu sauti ya biskuti tu.

"Shemeji, nakusikia ukitafuna!"

"Humu ndani hakuna shemeji!" ilijibu sauti nzito. "Humu kuna Mwenyekiti!"

"Basi mwambie Mwenyekiti amwambie shemeji yangu atoe funguo."

"Mwambieni huyo mama afuate utaratibu. Aandike barua."

Na mlango ukafungwa. Barua! Ana barua saba za Kocha pale ndani, niliziona kwa macho yangu. Moja ilikuwa chini ya mguu wa meza, inasaidia meza isiyumbe.

Kocha alirudi uwanjani akitembea polepole, na kocha wa wageni, mwenye soksi ndefu kuliko wote, akamjia kwa huruma ya mtu anayekaribia kupata alama za bure. "Dada, kubali tu yaishe. Tusiwatese watoto na jua."

"Kaka," alisema Kocha, "vuta soksi zako juu usubiri."

Akawakusanya wanane nyuma ya gari, akapanda juu ya kreti ya soda, akanyoosha mkono.

"Wanangu! Binti zangu wa mabega! Mmetukanwa kwa nguzo, mkanyamaza. Mmetukanwa kwa geti, mkanyamaza. Leo mmetukanwa kwa buti la gari, na buti hilo lina stika inayosema Vijana Kwanza! Nani alisema nyinyi mtazaliwa, mtakua, na mtazeeka mkisubiri mengineyo? Waliowatangulia walisukumwa. Nyinyi ndio wa kwanza katika ukoo wa uwanja huu mliofundishwa kusukuma! Naye atakayeuliza siku moja..."

"Kocha," alisema Mdomo, "zimebaki dakika sita."

Kocha akashuka.

"Likikwaruzika je?" aliuliza Kabati. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwanangu, hilo gari lina mikwaruzo mingi kuliko ahadi. Weka bega."

"Inama!" Wakainama, migongo meza. "Shika!" Wakashikana, jezi kwenye ngumi. "Ingia!" Na mabega yakaingia kwenye buti la Mwenyekiti kwa kishindo kilichorusha njiwa kutoka juu ya tangi, na Mdomo, asiye na mpira wa kuingiza, akaingiza matusi madogo madogo yanayoruhusiwa kwa umri wake.

Gari halikusogea.

Timu nyingine yoyote ingekata tamaa. Hawa hawakushtuka hata kidogo, maana kutosogea ndiko walikokujua. Miaka miwili walikuwa wamesukuma kitu kisichosogea na kurudi nyumbani kula. Wakasukuma tena, kwa utulivu wa wafanyakazi wa zamu ya pili. Tope likawavuta viatu. Gari halikusogea. Wageni wakaanza kufungua mikoba yao ya vitafunwa.

Ndipo Mwamuzi, ambaye sheria inamkataza kusaidia upande wowote, alipokohoa. Akakohoa tena. Akasema, kana kwamba anaongea na mojawapo ya saa zake, "Kuna tofali mbele ya gurudumu."

Ole wetu! Shujaa wa kurasa zilizokosekana alikuwa ameamrisha jeshi lake kusukuma gari lililokingwa kwa tofali, na hakuna hata mmoja aliyechungulia, kwa sababu ukuta hauna mbele ya gurudumu! Kocha akajitupa magotini kwenye tope, akalishika tofali kwa mikono miwili, likagoma, akalitikisa, likachomoka kama jino, na akasimama amelikumbatia kifuani, tope hadi kwenye nyusi.

"Sasa! Inama! Shika! Ingia!"

Gari likaguna. Hatua ya kwanza, tope likapiga kelele ya busu la shangazi. Hatua ya pili, Kabati alifumbua macho, kwa maana kila siku alikuwa anasukuma akiwa ameyafumba. Hatua ya tatu, mtu fulani kati ya wanane akaanza kucheka kwa hofu. Hatua ya nne magurudumu yakatoka kwenye tope, yakapanda udongo mkavu, yakavuka mstari wa nje wa majivu niliouchora mimi alfajiri, na gari likawaponyoka mabegani likaenda zake. Na wale wanane, ambao mabega yao hayajawahi kuachwa na kitu, wakaanguka kifudifudi kwenye tope kwa mpigo mmoja, chwaa, kama mkeka uliotupwa.

Kabati akainua uso usio na kitu kinachoonekana isipokuwa macho.

"Kocha," alisema, "ukuta umeondoka!"

Umeondoka kweli, tena unaelekea kwenye mtaro wa maji machafu. Hakuwahi kuwafundisha kusimamisha; ukuta hujisimamisha wenyewe. Basi Kocha akakimbia, fundi wa vyerehani wa miaka arobaini na tisa mwenye goti bovu, akalipita gari, akajirusha, akaliweka tofali chini ya gurudumu, viganja viwili tu kabla ya ukingo. Gari likatikisika. Likatulia. Taa moja ya nyuma, ambayo haikuwahi kuwaka, ikawaka.

Mwamuzi akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia. "Saa nne na dakika ishirini na tisa," alisema. "Kwa saa zote mbili." Akapuliza filimbi.

Ni filimbi hiyo iliyomtoa Mwenyekiti, punje za biskuti kwenye tai.

"Nani amegusa gari langu?"

Kocha akamtazama, tope likimdondoka kidevuni. "Shemeji, gari liko palepale ulipoliacha. Uwanja ndio umesogea."

Mechi yenyewe? Tulifungwa thelathini na tatu kwa tano. Siwafichi, wanaoficha wako ofisini. Lakini zile tano, enyi wasikilizaji, zilitokana na skramu karibu kabisa na mstari wao. Mabinti wa soksi ndefu walisukumwa wakasogea, na kwa kuwa walisogea, wetu wakaanguka tena kifudifudi, na Kabati akaangukia ndani ya mfereji ulioachwa na gurudumu la gari, mpira chini ya tumbo lake. Ikawa trai, ya kwanza tangu timu ianzishwe. Alikataa kuinuka kwa muda. Alisema anataka iandikwe vizuri.

Haikuandikwa. Nimeusoma muhtasari wa kikao cha siku hiyo, umebandikwa ubaoni, una mhuri. Unasema: Mwenyekiti, kwa moyo wa kujitolea, aliliondoa gari lake ili mchezo wa vijana uendelee, akapigiwa makofi. Basi nami naandika wangu, usio na mhuri. Enyi mtakaokuja, wekeni kumbukumbu: siku hiyo, kabla ya saa nne na nusu, mabinti wanane na fundi vyerehani walilitoa gari hatua nne, na timu ikabaki kwenye ligi, imo hadi leo hii, nafasi ya mwisho, imo!

Jumanne iliyofuata wakarudi kwenye ukuta wa stoo. Vikombe vya maji vikapangwa. Lakini kabla ya kuinama, Kabati akapiga magoti, akachungulia chini ya ukuta, upande huu na upande ule, akatia kidole kwenye msingi.

"Unatafuta nini wewe?" alisema Kocha.

"Naangalia kama na huu una tofali."

Kocha akaviondoa vikombe vyote nane, kimoja baada ya kingine, akavipanga mbali, kwenye majani, visije vikavunjika ukuta ukisogea.

"Inama," alisema.